Mzio

Kamba humenywa hivi: unamshika kichwa,
unamzungusha kama kizibo cha chupa,
unamvua gamba kwa kidole gumba,
kisha ule uzi mweusi wa mgongoni
unautoa kwa ncha ya kisu.
Miaka sita, meza ya tatu, kiwandani Liwatoni,
karibu na masufuria ya kuchemshia.
Nilipapenda pale. Penye mvuke
baridi ya barafu haikufiki.

Vidole ndivyo vilivyotangulia.
Viliwasha, vikavimba, pete ikagoma
hadi sonara wa Kibokoni akaikata.
Sabuni, nikasema.
Kisha chafya, saba kwa mpigo, na mafua sina.
Vumbi la kaskazi, nikasema.
Kisha usiku, nyumbani Mtongwe, saa tisa,
kifua kikapiga zumari
na Mbarak akaamka kufungua mlango
akidhani tumemfungia paka nje.

Shangazi Mwanahalima alijua: husuda.
"Wamekuona umeezeka bati."
Nikaandikiwa kombe, nikanywa zafarani,
na wallahi nikapona!
Siku tatu zote za Idi.
Jumatatu nikavaa aproni,
zumari likarudi na wapigaji wake.

Nesi Umazi hakuanza na kifua.
Alianza na swali:
"Siku gani unapumua vizuri?"
Nikacheka. Kisha nikanyamaza.
Jumapili.
Jumapili jioni napuliza jiko la makaa mabichi hadi likawaka.
Akanipa kidude cha plastiki chenye mshale,
nipulize asubuhi, kazini, usiku, niandike.
Wiki nne niliandika kama muuza duka na madeni yake:
Jumapili, mia nne.
Jumatatu, mia tatu na ishirini.
Alhamisi, mia mbili na sitini, na mwandiko umepinda.
Kumbe mapafu yana kalenda.

"Ni mzio," akasema.
Neno nililijua. Bibi yangu alikuwa na mzio wa nguru:
mganga alimpa dawa, akamwambia asimle mpaka kufa,
naye hakumla, hata siku ya harusi yangu.
Sikujua kwamba damu nayo ina mganga wake,
hujiwekea mwiko
bila kumshauri mwenyewe.

Basi kamba na kamba ni jina moja.
Hii yangu ilisokotwa kwa mvuke,
siku kwa siku, ikanizunguka koo.
Na wahenga wakasema hukatikia pabovu.
Pabovu ni wapi?
Ni mimi,
au ni ile feni juu ya meza ya tatu
iliyokufa mwaka juzi?

"Mbona wenzako hawaumwi?" aliuliza msimamizi.
Nikawatazama wenzangu.
Kadzo alikuwa akijikuna kwa kiwiko.
Riziki, glavu juu ya glavu.
Mbeyu, kila saa huenda msalani,
na huko msalani hukohoa.
Nikamwekea daftari mezani, sikusema neno.

Sasa niko chumba cha lebo. Mshahara umepungua,
sitadanganya, na feni mpya
ilikuja baada ya madaftari matatu mengine.
Aproni inalala kazini. Mtoto ananingoja mlangoni
mpaka nikoge, ndipo anikumbatie.
Dawa ya kuvuta iko mkobani, hata siku za mia nne,
hasa siku za mia nne,
maana hizo ndizo zinazomsahaulisha mtu.

Juzi, harusini Kisauni, ikaletwa sinia ya wali wa kamba.
"Onja tu. Kidogo hakiui."
Midomo yangu ilishawasha kwa harufu.
Nikalisogeza sinia, nikahama upeponi:
"Nina mzio."
Bibi mmoja mwenye buibui la zamani
akainamisha kichwa kwa heshima,
akidhani nimeagizwa na mganga.

Sikumsahihisha.